Sura ya Nane: Kuomba Kazi kwa Wenye Bahari

Tangazo la kazi likitoka Mtwara, halikai ubaoni siku mbili kabla ya kupigwa picha na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Hulisoma mhitimu wa chuo cha Stella Maris, kijana aliyesomea uvuvi FETA Mikindani, mwalimu anayesubiri ajira serikalini, na fundi aliyepata cheti chake VETA miaka ile ambayo mji mzima uliamini gesi ingeajiri kila mwenye mikono. Sura ya tangazo huwa ileile: anatakiwa mratibu wa jamii wa mradi wa haki ya mazingira, kituo cha kazi Mtwara Vijijini, awe na shahada ya maendeleo ya jamii, sosholojia au fani inayofanana na hizo, uzoefu wa miaka miwili, leseni ya pikipiki, na awe tayari kuishi kijijini. Mwishoni kuna lile sharti la kumudu kazi katika mazingira magumu, ambalo sijaona jopo lolote likijua namna ya kulipima.

Lisiloandikwa ni kwamba kazi hii huombwa mara mbili. Ombi la kwanza lina barua, wasifu, vyeti vilivyogongwa muhuri wa mwanasheria na majina ya wadhamini. La pili hufanyika mchangani, katika vijiji vya pwani kama Msimbati au Nalingu, bila karatasi, mbele ya watu ambao hawakukuita. Wengi hupita la kwanza wakaanguka la pili, na mara nyingi sababu ni moja: wamekwenda wakidhani mambo yalianza siku waliyosaini mkataba.

Kwa hiyo kabla ya kuandika barua, jifunze yaliyotangulia.

Wazee wa pwani hii wanaikumbuka milio ya baruti. Mlipuko mmoja huua samaki mkubwa na mdogo pamoja, huvunja matumbawe, na mwamba uliovunjika hivyo haurudi katika umri wa mvuvi mmoja. Katika miaka ya 1990 wavuvi wa Lindi na Mtwara waliungana kupinga baruti katika umoja waliouita Shirikisho, kipindi ambacho mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland, ulikuwa ukifanya kazi na vijiji vya mikoa hiyo miwili. Chombo chao kimojawapo kilikuwa kamera ya video: watu walisimama mbele ya kamera wakasema wenyewe yanayowasibu baharini, na kanda zikapelekwa kwa wenye mamlaka. Hili lilifanyika kabla ya simu ya mkononi kufika vijijini. Kwa hiyo unapoandika kwenye barua yako kwamba unakwenda "kuwaamsha wananchi", jua kwamba barua hiyo ikisomwa kijijini kuna mzee atakayecheka.

Kisha ikaja hifadhi. Mwaka 2000 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994. Eneo lake ni kilomita za mraba 650. Kiasi cha 430 ni maji. Iliyobaki ni nchi kavu yenye vijiji, minazi, mikorosho na mikoko hadi mdomoni mwa Ruvuma. Mtu hawezi kubisha kwamba miamba, kasa na mikoko ya pale inastahili kulindwa. Ugomvi ulikuwa juu ya nani abebe gharama ya kuilinda. Mwenye boti ya mashine akizuiwa mwamba huu huenda mwamba wa mbali. Mwenye mtumbwi na wavu wenye matundu madogo hana kwa kwenda, na mama anayechokoa pweza kwa miguu maji yakitoka hana hata mtumbwi. Watu waliopiga kelele dhidi ya baruti walijikuta wakitazamwa kama waharibifu katika bahari ileile. Hapo ndipo neno haki linapoingia katika habari ya mazingira, na anayeomba kazi hii bila kuweza kueleza jambo hilo kwa mfano wa wavu na mtumbwi hajawa tayari.

Ya tatu ni gesi, na hii ndiyo iliyoacha kidonda. Iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 na kampuni ya Kiitaliano ya AGIP, ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini, hadi kampuni ya Kikanada ya Artumas ilipoanza kuitumia kufua umeme wa Mtwara. Serikali ilipoamua kujenga bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo kutoka China, watu walijaa barabarani. Desemba 27, 2012 maelfu waliandamana mjini Mtwara wakisema gesi haitoki. Mei 22, 2013, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na Waziri Sospeter Muhongo, fujo zililipuka. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, na jeshi likaingia mjini. Bomba lilijengwa. Oktoba 2015 Rais Kikwete alizindua mtambo wa kusafisha gesi Madimba, kilomita chache tu kutoka vijiji vya hifadhi.

Mwanaanthropolojia Vinay Kamat, aliyefanya utafiti katika vijiji hivi kwa miaka mingi, alitoa mwaka 2024 kitabu kiitwacho In a Wounded Land, na faida yake kubwa kwa mwombaji kazi ni kwamba kinaziweka hifadhi na gesi katika simulizi moja. Kijijini ndivyo mambo yalivyo. Ofisini hifadhi ina faili lake, wafadhili wake na warsha zake, na gesi ina zake. Mtu wa Msimbati aliyekatazwa kutupa wavu karibu na mwamba, huku akiona kisima cha gesi kinachimbwa ndani ya hifadhi ileile, hajawahi kuwa na mafaili mawili.

(Ukitaka kujua watu wa Msimbati wamezoea wageni wa namna gani, uliza habari za Leslie-Moore, Mwingereza aliyeishi pale enzi za ukoloni na mwishoni mwa miaka ya 1950 akatangaza kwamba sehemu hiyo ni nchi huru. Serikali ya Tanganyika huru haikuchelewa kumwondoa. Baada ya mtu kama huyo, mratibu mwenye fulana ya mradi hashangazi.)

Na mambo hayajasimama. Gesi ya Ntorya, ambayo mwendeshaji wake ni ARA Petroleum ya Oman, imepangwa kufika Madimba kwa bomba jipya, na bomba jipya maana yake ni mashamba, mikorosho na hesabu za fidia. Makaa ya mawe ya Ruvuma yamekuwa yakipakiwa bandari ya Mtwara, malori yakipita na vumbi lake, na bandari ya mizigo michafu imepangiwa Kisiwa Mgao. Mratibu wa jamii atakayeajiriwa leo ataulizwa juu ya haya yote, hata kama mradi wake unahusu mikoko peke yake.

Sasa tazama tangazo lenyewe kwa makini zaidi, kwa sababu kuna kazi mbili zinazofanana jina na kutofautiana kila kitu kingine. Kampuni huajiri afisa uhusiano wa jamii. Asasi ya kiraia huajiri mratibu au mwezeshaji wa jamii. Wote wawili wanapanda pikipiki, wanaitisha mikutano, wanamjua mwenyekiti wa kijiji kwa jina. Tofauti huonekana siku kijiji kinaposema hapana. Afisa wa kampuni hutakiwa kurudi na ndiyo. Mratibu hutakiwa kuhakikisha hapana hiyo imeandikwa, imegongwa muhuri na imefika inakopaswa kufika.

Phyllis Omido wa Mombasa alizijua kazi zote mbili. Mwaka 2009 aliajiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, jirani na mtaa wa Owino Uhuru, na mojawapo ya majukumu yake ilikuwa mahusiano na jamii. Alipewa kusimamia tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini ikaonyesha kwamba kiwanda kilikuwa hatari kwa majirani. Kampuni haikutaka kusikia. Baadaye mtoto wake mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha ana madini ya risasi mwilini. Aliacha kazi, akaanza kugonga milango ya majirani, akawapeleka watoto wao kupimwa damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapata Tuzo ya Goldman mwaka uliofuata, na kesi ya wakazi ikapanda na kushuka mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Kenya ilipowapa haki Desemba 2024. Zaidi ya miaka kumi na mitano. Mkataba wa mratibu wa jamii kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, unaoweza kuongezwa fedha ya mfadhili ikipatikana, na ningependa kila mwombaji aziweke hesabu hizo mbili kando kwa kando kabla ya kuahidi chochote kwenye barua.

Barua yenyewe iwe ya ukurasa mmoja. Nimezisoma nyingi, na nyingi ni barua moja iliyobadilishwa tarehe: "Mimi ni kijana mwenye ari, mchapakazi, ninayejituma". Hakuna anayeandika kwamba yeye ni mvivu, basi sentensi hiyo haimsaidii mtu. Barua inayosimamisha jopo ni ile inayotaja jambo moja lililofanyika, mahali, na mwandishi alifanya nini. Kwa mfano: "Katika kijiji chetu wachuuzi wa samaki, wengi wao akina mama, walikuwa wakitozwa ushuru mara mbili, ufukweni na sokoni. Niliwasaidia kukusanya risiti za mwezi mzima na kuziwasilisha kwenye mkutano mkuu wa kijiji, diwani alikuwepo." Hakuna shahada inayotajwa hapo, wala mfadhili. Lakini msomaji ameshajua kwamba mwandishi anajua kusikiliza lalamiko, kulitafutia ushahidi, na kulipeleka kwenye kikao chenye mamlaka. Hiyo ndiyo kazi yote, kwa ufupi.

Wadhamini nao. Desturi ni kuweka mhadhiri, mwajiri wa zamani na padri au shehe. Weka basi mmoja wa kijijini: mwenyekiti wa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho watu wote wanakiita BMU, au mama anayeongoza kikoba. Majina hayo hupigiwa simu. Mhadhiri atasema ulifaulu. Mama wa kikoba atasema kama huwa unarudi ulipoahidi kurudi.

Nimefika kwenye jambo ambalo vitabu vya namna hii huliruka, nalo ni posho. Miaka ya miradi imewafundisha watu wa pwani kwamba mkutano wenye wageni una soda, nauli na karatasi ya mahudhurio. Mratibu mpya hulaumu: watu hawaji bila posho. Lakini itazame karatasi ile. Ina safu ya jina, jinsia, kijiji, namba ya simu na sahihi. Mama aliyekatiza siku ya bamvua, siku yenye pweza, akaja kukaa chini ya mwembe saa nne nzima, anasaini ili apate nauli. Karatasi hiyohiyo inaweza kwenda kuambatishwa nyuma ya ripoti, na katika ripoti sahihi yake inasomeka kwamba alishirikishwa. Hajui kilichoandikwa ukurasa wa kwanza. Kwa maoni yangu kumlipa mtu kwa muda wake si dhambi. Dhambi ni kuiacha sahihi yake itumike kwa jambo ambalo hakulisaini. Mratibu anayejua kazi yake huandika juu ya kila karatasi, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili, mkutano ulihusu nini na kwamba kuhudhuria si kukubali. Kisha huacha nakala kwa mtendaji wa kijiji. Ni dakika tano za kazi, na ukilitaja hili kwenye usaili utaona wajumbe wakiinua macho kutoka kwenye makaratasi yao.

Sheria unayohitaji kuijua si nyingi, lakini uijue kama njia ya kwenda kwenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari, na wananchi wasikilizwe, kabla haujaidhinishwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji kauli ya kukubali au kukataa pale serikali inapotaka kuhawilisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250. Ikizidi hapo, Waziri mwenye dhamana ya ardhi ndiye mwenye uamuzi. Mkutano mkuu huo ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18, na unapaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Sehemu nyingi haukai. Mratibu aliyefanikisha mkutano mkuu ukae kwa wakati wake, muhtasari ukaandikwa na mapato na matumizi yakasomwa, amefanya kazi kubwa kuliko aliyeandaa kongamano hotelini.

Jopo likikudai mfano wa Tanzania, usikimbilie ng'ambo. Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishitaki Halmashauri ya Jiji mwaka 1988 kwa kutupa taka na kuwafukizia moshi majumbani mwao. Jaji Lugakingira aliona kwamba hakuna mamlaka iliyopewa ruhusa ya kuhatarisha uhai wa watu. Miaka kumi baadaye, delta ya Rufiji ilinusurika na mpango wa mashamba makubwa ya kamba baada ya wanakijiji, waandishi wa mazingira wa JET na wanasheria wa LEAT kusimama pamoja. Na ukitaka wa jirani, Lamu, Juni 2019, mahakama maalumu ya mazingira ya Kenya ilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, sababu kubwa ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kesi hiyo kwa sehemu kubwa iliamuliwa na kumbukumbu za mikutano, yaani karatasi kama zile za chini ya mwembe.

Ng'ambo unaweza kwenda mara moja, kwa sababu kila mtu atamtaja Obama. Ni kweli: mwaka 1985 Barack Obama alijibu tangazo la kazi na kuajiriwa na Gerald Kellman kuratibu jamii kusini mwa Chicago, kwa mshahara wa kiasi cha dola 10,000 kwa mwaka. Lakini katika mtaa wa Altgeld Gardens, uliozungukwa na viwanda na majalala, alimkuta Hazel Johnson, mama aliyefiwa na mume kwa saratani ya mapafu, ambaye miaka kadhaa kabla alikuwa ameshaanza kupita mlango kwa mlango kuandika nani anaumwa nini. Kila pwani ina mama wa namna hiyo. Jopo makini litakuuliza utampataje wako. Jibu lisilofaa ni "kwa kupitia uongozi wa kijiji", kwa sababu uongozi utakupa majina ya uongozi.

Kumpata mama huyo kunahitaji kujua yuko wapi na lini, na hapa ndipo ujuzi wako wa kalenda ya maji, yaani kupwa na kujaa kwa bahari, unapopimwa. Nimesikia swali hili likiulizwa: "Ungeitisha lini mkutano wa wanawake wa Msimbati?" Wengi hujibu Jumamosi asubuhi. Mwombaji aliyekulia pwani huuliza kwanza mwezi uko wapi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hukauka sana, miamba huwa wazi, na wanawake wako kwenye pweza na chaza. Maji mafu ndiyo siku za mikutano. Ataongeza kwamba kuna msimu ambao wavuvi wengi wako dago, kambini mbali na nyumbani, na msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, huwapati watu wa Madimba kwa lolote lisilo korosho. Tena atauliza kama kuna jando au unyago. Mjumbe mmoja wa jopo aliniambia pembeni kwamba baada ya jibu hilo hakuhitaji kusikia mengine.

Kuna suala la usalama pia, nalo lisemwe wazi. Oktoba 2020 washambuliaji kutoka ng'ambo ya Ruvuma walivamia kijiji cha Kitaya. Tangu vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, vianze, mgeni anayezunguka kando ya mto na daftari akiuliza maswali huangaliwa na macho mengi, na macho hayo yana sababu. Barua ya utambulisho kutoka wilayani, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji, si urasimu wa kukwepwa. Na baada ya 2013 wapo watu wa Mtwara ambao hawatasaini chochote chenye neno gesi. Usiwasukume, wala usiwaandike kwenye ripoti kama "wasio na mwamko".

Ombi la pili, lile la mchangani, huanza na kuamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetumwa na nani?"

Swali hili halikwepeki. Ukisema umetumwa na mradi, utapewa majibu ya mradi: hali ngumu, tunaomba msaada. Ukisema umekuja mwenyewe, utakuwa umedanganya na watajua kabla jua halijazama. Jibu linalofaa ni refu kidogo: nani ananilipa, ananilipa nifanye nini, nini siwezi kukifanya. "Siwezi kurudisha mwamba, bibi. Siwezi kuleta fidia. Naweza kujua barua yenu ilikwama ofisi gani." Atakaa kimya, ataendelea kuparua samaki wake, na pengine atakwambia njoo maji mafu.

Mwisho wa usaili jopo hukuuliza kama una swali. Wengi huuliza mshahara, na ni haki yao; uliza. Ila ongeza mawili. La kwanza: kumbukumbu na mihtasari nitakayokusanya itabaki kwa nani mradi ukiisha? La pili: mkutano mkuu wa kijiji ukiamua kinyume na kilichoandikwa kwenye andiko la mradi, nitamfuata nani? Sikiliza atakayejibu ni nani, na kama wengine wanamtazama. Wakianza kusema swali zuri, litajadiliwa baadaye, omba wakuandikie jibu kabla ya kusaini mkataba.